Joto la Chumba si Joto la Pipa

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukoo, Columbus, Ohio, Julai 2025)



 

Kamati ya maandalizi ilinitaka nizungumze kwa dakika ishirini juu ya jambo lolote lenye manufaa kwa ukoo. Najua wapo waliotarajia habari za kiwanja cha nyumbani, na wengine hesabu za mfuko wa misiba. Hayo yana wenyewe na yatasemwa mchana. Mimi nimechagua kuzungumza juu ya kupima joto la mvinyo mwekundu unapochachuka. Nimelichagua jambo hilo kwa kuwa nyumba nyingi zetu hapa Columbus, kule Louisville na kule Buffalo zimeanza kazi hiyo, na pia kwa kuwa nina deni katika jambo hilo, deni ambalo nililifanya hadharani na ambalo sina haki ya kulilipa gizani.

Wapo kati yetu wasiogusa kileo, kwa dini au kwa hiari. Nawaheshimu, na meza ya juisi ya ukwaju ipo kwa ajili yao. Nawaomba tu wavumilie, maana habari yenyewe inahusu ndugu zaidi kuliko kinywaji.

Sisi ni watu wa Dodoma. Vijana waliozaliwa hapa huenda hawajui kwamba Dodoma ni nchi ya zabibu, ardhi kavu yenye mavuno mawili kwa mwaka, na kwamba wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana ni miongoni mwa waliozileta zabibu hizo. Marehemu Baba Mkubwa alikuwa na ekari mbili za zabibu nyekundu za Makutupora upande wa Hombolo. Mimi nilikuwa kijana wa kubeba matenga. Wakulima wa kwetu huyaita maji ya zabibu yanayogeuka kuwa mvinyo kwa jina la mchuzi, nami nitalitumia jina hilo, kwa sababu ni letu na kwa sababu linaeleweka. Baba Mkubwa hakuwa na kipimajoto. Alikuwa akitia mkono katika pipa alfajiri, akikaa kimya kidogo, kisha akisema, "Leo pipa lina homa," nasi tukatumwa kuchota maji ya kumwagia magunia yaliyozungushiwa pipa. Nilidhani ile ni desturi ya wazee tu. Nilikuja kuielewa nikiwa na umri wa miaka 61, katika banda la gari mjini Louisville, baada ya kuharibu lita mia moja.

Turudi mwaka 2022. Barabara kuu namba 71 inaanzia Louisville, inapita hapa Columbus na kuishia Cleveland, na kutoka Cleveland mtu anafuata namba 90 kando ya Ziwa Erie hadi Buffalo. Ukoo wetu umejipanga katika njia hiyo kama shanga. Mwambao wa ziwa lile ni nchi ya zabibu kama kwetu, na Oktoba ile tulinunua huko zabibu aina ya Chambourcin, zabibu nyeusi zinazostahimili baridi. Mimi nilichukua makreti 10, dada yetu wa Columbus akachukua 4, na mdogo wetu wa Buffalo akachukua 2. Makreti yake mawili yalikuwa na kazi maalumu: mvinyo ule ungefunguliwa katika arusi ya binti yake wa kwanza.

(Kwa wenye wasiwasi wa sheria: serikali kuu ya Marekani inamruhusu mtu mzima kutengeneza nyumbani hadi galoni 100 kwa mwaka bila kodi, na galoni 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Galoni 100 ni kama lita 380. Ni kwa matumizi ya nyumbani, wala si kuuza. Mjomba, umenisikia.)

Kwa kuwa mimi ndiye niliyekulia shambani, niliandika maelekezo na kuyatuma kwa wote. Niliandika kwa kujiamini sana. Nilisema: ponda zabibu, tia hamira, weka chombo mahali penye ubaridi, sukumia maganda chini kutwa mara mbili, na usihangaike na mengine kwa siku saba. Dada alinipigia simu kuuliza joto liwe kiasi gani. Nilimjibu kwamba mvinyo si mgonjwa wa wodini. Wengi mnajua kwamba dada ni muuguzi. Basi alinyamaza, akatafuta daftari, akaanza kupima asubuhi, mchana na usiku.

Mimi mwaka ule nilitumia mapipa mawili madogo, makreti matano kila pipa, na usiku wa Louisville ulikuwa wa baridi. Mvinyo ukatoka mzuri. Mdogo wetu aliweka ndoo yake katika chumba cha chini ya nyumba, kama nilivyomwelekeza, mahali penye ubaridi. Baada ya siku tisa mapovu yalikoma. Akakamua, akaweka katika chupa kubwa. Ikaja ile tufani ya theluji ya Desemba 2022, iliyoua watu zaidi ya 40 katika eneo la Buffalo. Nyumba yake ilikosa umeme, na ni nani angekumbuka mvinyo? Januari akautia katika chupa ndogo na kuzifunga vizibo. Mwezi Mei, chumba kilipopata joto, vizibo vikaanza kuruka usiku kama risasi. Watoto wakasema chini kuna majini.

Tulipofika arusini Agosti 2023, chupa zilizosalia zilifunguliwa. Mvinyo ulikuwa na ukungu, unatoa povu, utamu na uchachu umegombana ndani yake. Na mimi, mkubwa wa upande wetu, nilikuwa nimeshika kipaza sauti. Nilisema mbele ya wakwe na wageni mia mbili kwamba mdogo wangu ana mambo mengi mema, ila kuosha ndoo si mojawapo. Watu wakacheka. Yeye pia alicheka. Binti alitazama meza. Mwaka uliofuata, mkutano huu ulipofanyika, nyumba ya Buffalo haikuja, na sote tukasema ni kazi.

Sasa sikilizeni yaliyonipata Oktoba 2024. Nilinunua makreti 10 tena, lakini safari hii nilikuwa na pipa moja kubwa la lita 200, na siku zile zilikuwa na joto kwa msimu ule. Ukutani mwa banda la gari palikuwa na kipimajoto kinachosema nyuzi 70 za Farenhaiti, yaani 21 za Sentigredi. Niliridhika. Siku ya tatu jioni mjukuu wangu wa miaka tisa alichukua kile kipimajoto cha kuchomeka kwenye nyama, akakichomeka katika ukoko wa maganda, akaniita: "Babu, inasema 101!" Nikamwambia aache kuchezea chakula. Siku ya tano pipa lilikuwa kimya. Haidromita ilisoma 1.020, na siku mbili baadaye ikasoma 1.020. Harufu ilikuwa ya jamu iliyoungua. Sukari ilikuwa bado imo, na hamira imekufa au imezimia.

Nilimpigia dada. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kaka, ulipima wapi?" Nikasema ukutani. Akanyamaza kama wanavyonyamaza wauguzi. Jumamosi alishuka na daftari lake.

Naomba nieleze alichonieleza, maana ndicho kiini cha hotuba hii. Hamira inapokula sukari hutoa kileo, hutoa hewa ya ukaa, na hutoa joto. Joto hilo si dogo. Kila sehemu moja ya sukari katika mia inapochachuka, mchuzi hupanda kwa nyuzi kama 1.3 za Sentigredi, endapo joto halina pa kutokea. Zabibu zetu zilikuwa na sukari ya sehemu 22 katika mia. Pigeni hesabu wenyewe: ni nyuzi 28 na ushei juu ya zile mlizoanza nazo. Kinachotuokoa ni kwamba joto hutoka kupitia kuta za chombo. Ndoo ndogo ina ukuta mwingi kwa mchuzi kidogo, hivyo hupoa upesi. Pipa kubwa lina mchuzi mwingi kwa ukuta kidogo, hivyo hujipika lenyewe. Kwa hiyo chumba kimoja, siku moja, zabibu za kreti moja, huweza kuwa na ndoo inayotetemeka na pipa lenye homa. Kipimajoto cha ukutani hakijui habari za chochote kati ya hivyo viwili.

Pili, ndani ya chombo kimoja hakuna joto moja. Maganda hupandishwa na hewa na kutanda juu kama ukoko wa wali, na humo ndimo hamira hujazana na joto hushindwa kutoka. Ukoko huweza kuuzidi mchuzi wa chini kwa nyuzi 5 hata 10. Mvinyo mwekundu hupendelea kati ya nyuzi 21 na 30. Chini ya hapo rangi na ukakasi havitoki vizuri katika maganda, na chini ya 15 hamira nyingi hulegea au hulala. Juu ya 30 harufu njema huanza kuondoka. Ikifika 35 hamira iko katika hatari ya kufa, na wadudu wa siki hawana habari, wao wanaendelea. Nyuzi 101 za Farenhaiti, ndugu zangu, ni 38 za Sentigredi. Mtoto wa miaka tisa alinipa jibu, nami nikamfukuza.

Nikasema, basi yaliyonipata ni bahati mbaya. Dada akafungua kurasa za nyuma. Mwaka 2022, pamoja na vipimo vyake, alikuwa akimpigia mdogo wetu kila jioni na kuandika vipimo vya Buffalo. Ilikuwa pale, kwa kalamu ya bluu: "Chumba 55. Ndoo 59." Siku iliyofuata hivyo hivyo. Siku iliyofuata tena. Nyuzi 59 za Farenhaiti ni 15 za Sentigredi. Hamira yake ilikuwa imelala kwa baridi, mapovu yakakoma sukari ikiwamo, kisha ikaamka Mei ndani ya chupa zilizofungwa. Pembeni dada alikuwa ameandika: "Nimemwambia kaka. Amesema aache." Nilikumbuka simu ile. Nilikuwa nikitazama mpira.

Nilimwuliza dada kwa nini hakusema arusini. Akajibu, "Ulikuwa umeshika kipaza sauti, kaka."

Novemba nilikwenda Buffalo, nikaingia katika chumba kile cha chini, nikaiona ndoo. Ilikuwa safi kuliko vyombo vyangu. Nilimwomba mdogo wangu radhi mbele ya mkewe, naye akanipokea kwa ukarimu ambao sikuustahili. Lakini kejeli yangu ilisikiwa na watu mia mbili, na wengi wao mmo humu. Kwa hiyo leo nasema mbele yenu: ndoo haikuwa chafu. Kosa lilikuwa katika maelekezo yangu, niliyoyaandika kwa ajili ya pipa langu na kumpa mtu mwenye ndoo. Binti yangu, nawe nakuomba radhi kwa meza yako siku ile.

Sasa nieleze tutakavyofanya.

Kipimajoto kiwe cha kuchomeka, chenye waya au mkono mrefu unaofika katikati ya chombo. Kile cha kioo kinaweza kupasuka unapokoroga, na hapo umepoteza vyote. Kile cha kuelekeza mwanga kama bastola, ambacho vijana wanakipenda, husoma ngozi ya juu tu. Na ile karatasi ya kubandika nje husoma ukuta wa pipa. Kabla ya msimu, tia kipimajoto katika kikombe cha barafu na maji, ukoroge, ungoje. Kisiposoma 32 za Farenhaiti, au karibu sana, tafuta kingine. Kisafishe kila kabla ya kukitumia.

Pima kabla ya kusukuma maganda: kwanza katikati ya ukoko, kisha chini yake katikati ya mchuzi. Andika vyote viwili na saa. Kisha sukumia maganda chini, koroga vizuri, upime tena. Utaona ukoko umeshuka na mchuzi umepanda. Hicho cha tatu ndicho joto la kweli la pipa zima. Dada anasema ukikosa muda wa vipimo vitatu, basi usikose cha ukoko, kwa kuwa hapo ndipo homa huanza. Nami namwunga mkono sasa.

Usingoje 32 ndipo utafute barafu. Homa ya pipa hupanda kwa kasi siku ya pili hadi ya nne, na mara nyingi hupanda usiku tukiwa tumelala. Mchuzi ukifika 28 na bado unapanda, tia chupa za plastiki zenye maji yaliyogandishwa, zilizofungwa vizuri na kuoshwa kwa dawa, uzizungushe humo, uzitoe zikiyeyuka. Shuka lililolowa pamoja na feni hufanya kazi ileile ya magunia ya Baba Mkubwa. Na aliye na makreti 10 agawe katika vyombo viwili au vitatu tangu mwanzo, kama nilivyofanya kwa bahati mwaka 2022. Katika haya hatuko peke yetu: Wafaransa waliolima zabibu Algeria mwishoni mwa karne ya 19 waliharibikiwa hivi hivi kwa joto, wakalazimika kujifunza kupoza mchuzi. Wao walikuwa na mitambo. Sisi tuna friza la nyama.

Wa Buffalo, tatizo lenu ni la upande wa pili. Weka ndoo ndani ya beseni kubwa la maji, na katika maji hayo, si katika mchuzi, utie kile kipasha maji cha hodhi la samaki, ukiweke kwenye nyuzi 24. Funika kwa blanketi. Au pandisha ndoo jikoni, na mama mwenye nyumba atusamehe kwa wiki mbili. Mapovu yakikoma, usiamini mapovu. Amini haidromita, na ujue kwamba nayo hudanganywa na joto: iliyotengenezwa kwa nyuzi 60 za Farenhaiti, ukiitia katika mchuzi wa nyuzi 84, husoma pungufu kwa kama 0.003. Mvinyo uliokwisha husoma chini ya 1.000, na husoma hivyo hivyo siku tatu mfululizo. Ukikwama juu ya hapo, pasha taratibu, usitie chupani.

Jambo moja la usalama, nalo halina mzaha. Ile hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa tunayovuta, na hulala chini sakafuni. Chumba cha chini ya nyumba chenye vyombo vinavyochachuka kifunguliwe dirisha, na watoto wasiachwe humo kucheza wala kulala.

Lita mia moja zangu za 2024 nilijaribu kuziokoa. Nilianzisha hamira mpya katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, nikailisha mchuzi kidogo kidogo kwa siku mbili ili izoee kileo, kisha nikaimimina. Iliamka na kumaliza sukari, lakini harufu ya jamu haikuondoka. Nyama mtakayokula leo mchana imepikwa kwa mvinyo huo. Huko unafaa.

Zabibu za mwaka huu zimeagizwa kwa mkulima yuleyule, nazo tutazichukua mara atakapotuarifu zimeiva. Vipimajoto vitatu vya waya vimeshanunuliwa, kimoja kwa kila mji, na madaftari matatu yenye mistari iliyochorwa na dada mwenyewe. Kila usiku saa tatu, kwa siku kumi, tutapigiana simu na kusomeana vipimo, na mwandishi ni yeye. Mimi nitajibu nikiulizwa. Makreti mawili ya kwanza ni ya binti wa Buffalo na mumewe. Watapika wao wenyewe, katika ndoo ya baba yake, na zitakapofunguliwa chupa hizo kipaza sauti atashika mdogo wangu.

Wanaotaka kujiunga waandike majina kwa dada, pale kwenye meza ya juisi ya ukwaju, kabla chakula hakijaletwa. Waandike na ukubwa wa chombo walicho nacho.